Nyusi Huinuliwa kwa Ajili ya Nani?

Liko swali ambalo watu wengi siku hizi huliuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba lina aibu ndani yake: mtu ambaye nyusi zake zimeshuka kwa umri, au kwa jua, au kwa urithi wa wazazi wake, je, aweza kuziinua kwa njia za maumbile pasipo kulala juu ya kitanda cha mpasuaji, na akiziinua, je, amemkosea Muumba aliyezitia mahali pake? Nimelisikia katika mji wa Mbulu, na nimelisikia Katesh chini ya Mlima Hanang, kwa vijana na kwa watu wazima waliokwisha kulea wajukuu, kwa Wairaqw na kwa Wabarbaig, kwa Waislamu na kwa Wakristo, na sikuona hata mara moja kwamba muulizaji alistahili kuchekwa. Uso ni amana ambayo mwenyewe haioni ila kwa msaada wa kioo au wa mwenzake, na mtu anayejali amana yake hakufanya kosa kwa kujali. Walakini nadhani swali limeelekezwa upande mmoja tu, ule wa kioo, na ndiyo sababu majibu yake, ya wauza mafuta na ya wahubiri kadhalika, yamekuwa mafupi kuliko jambo lenyewe.

Tutazame kwanza mwili ulivyoumbwa. Msuli unaoinua unyusi ni mmoja, nao ni ule mpana wa kipaji cha uso, ambao haukushikamana na mfupa wowote, bali unatoka katika utando mgumu ulio chini ya ngozi ya utosi na kuishia katika ngozi ya unyusi wenyewe. Lakini inayoushusha ni mingi, kwani uko unaolizunguka jicho na kulifumba, uko unaozivuta nyusi zikaribiane zikafanya mikunjo ya wima katikati, na uko unaoshuka kutoka kipajini hadi mzizi wa pua. Mizani ya maumbile, basi, imeelemea upande wa kushuka, na miaka huiongezea uzito, maana ngozi hulegea na mafuta yaliyo chini yake hupungua. Tena katika nchi hii ya Mbulu na Hanang iko sababu nyingine ambayo mtu wa pwani haifikirii upesi. Jua la uwanda wa juu ni kali, upepo wa kiangazi huchukua vumbi la mashamba ya ngano ya Basotu, na Ziwa Balangida, lililo chini ya mlima, likikauka huacha uwanja wa chumvi nyeupe unaorudisha mwanga machoni kwa nguvu inayoumiza. Mchungaji aliyeanza kufuata ng'ombe kando ya ziwa lile akiwa mtoto amekaza macho na kukunja kipaji kutwa nzima kwa muda wa maisha yake, na mikunjo iliyochorwa na jua usoni pake mgeni huisoma kuwa ni hasira.

Kwa hiyo ushauri wa maumbile ulio wa kweli ni mdogo, nao hauna fahari: kofia yenye ukingo mpana, miwani ya jua kwa anayeweza kuinunua, kivuli, usingizi wa kutosha, maji safi ya kunawa vumbi, na kuacha mazoea ya kusugua macho. Mafuta ya mbarika huzilainisha nywele za nyusi na kuzing'arisha, lakini hayana uwezo wa kuivuta ngozi juu. Mazoezi ya uso yamesifiwa kupita kiasi. Uchunguzi mdogo wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Chicago, uliotangazwa mwaka 2018, ulihusu wanawake wa makamo waliofanya mazoezi hayo nyumbani kwa wiki 20. Waliofika mwisho walikuwa 16, na faida iliyopatikana ilionekana mashavuni. Tena anayeziinua nyusi zake mara nyingi kila siku mbele ya kioo hujichorea mistari ya kulala kipajini, akaondoa alama moja na kuweka nyingine. Iko na sindano ya sumu ya botulini, ambayo Marekani iliiruhusu mwaka 2002 kwa mikunjo iliyo kati ya nyusi. Hiyo hudhoofisha misuli inayoshusha hata ule unaoinua ukapata nguvu ya kushinda, na baada ya miezi michache athari yake huisha. Si kisu, lakini kuiita njia ya maumbile ni kulionea neno.

Njia ambayo watu wa hapa huitumia zaidi si kuinua hasa, bali ni kuufanya unyusi uonekane umeinuka. Nilipata kuitazama kwa karibu katika saluni moja ya mjini Mbulu, nilipokuwa namngoja mjukuu wangu amalize kusukwa. Msichana aliyekuwa karibu kuolewa alikuwa amelaza kichwa nyuma, na msusi, ambaye naye ni kijana, alimpaka poda kidogo, akainyosha ngozi kwa dole gumba, akapitisha wembe mpya chini ya mkia wa unyusi, pole pole, bila kuugusa upande wa juu. "Hizi za chini, babu, ndizo zinazoushusha," aliniambia, maana aliona natazama. Kisha akachukua wanja akaurefusha mkia kuelekea panja. Ngozi haikusogea hata kidogo, lakini jicho lilionekana limefunguka. Yule msichana alipoinuka, kabla hajajitazama vizuri kiooni, alimgeukia mama yake aliyekaa kwenye benchi, akamwinulia nyusi zile, kumwuliza pasipo neno kama amependeza. Na mama naye akaziinua zake. Msusi alipanguza wembe, akaniuliza, "Babu, hivi hii kazi yangu ni dhambi? Nyumbani wananiambia nitafute nyingine." Sikutaka kumjibu kwa haraka, kwa kuwa aliyeuliza alikuwa anakula kwa kazi hiyo.

Katika Uislamu jambo hili lina matini yake. Imepokewa kwa Abdullah bin Masud, katika sahihi za Bukhari na Muslim, habari ya laana juu ya wanawake wachanjao chale za rangi na wanaotaka kuchanjwa, na wanaong'oa nywele za nyusi, na wanaoachanisha meno kwa kutafuta uzuri, hali wakigeuza maumbile ya Mwenyezi Mungu. Wanazuoni wamejadiliana juu yake kwa karne nyingi: wako walioichukua kwa ujumla wake, na wako waliosema kwamba makusudio yake ni udanganyifu, au kujifananisha na wanawake waliojulikana kwa ufisadi katika zama zile, na kwamba mke anayejipamba kwa idhini ya mumewe hakuingia humo. Lakini kando ya hadithi hiyo imesimama nyingine ambayo watu wachache huitaja, nayo ni ya Arfaja bin As'ad, aliyekatwa pua katika vita vya Kulab kabla ya Uislamu, akajitengenezea pua ya fedha, ikanuka, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akamwamuru ajitengenezee pua ya dhahabu, ingawa dhahabu ni pambo ambalo mwanamume hakuruhusiwa kulivaa. Sheria ile ile iliyokemea kugeuza maumbile ilifungua mlango mpana kwa aliyeharibikiwa.

Wakristo wa nchi hii, ambao Wakatoliki wao wana jimbo la Mbulu tangu mwaka 1953 na Walutheri wao wameenea kutoka Haydom hadi Katesh, wana maandiko yanayokaribiana na hayo: Kitabu cha Walawi kinakataza chale katika mwili, Waraka wa Kwanza wa Petro unawaasa wanawake pambo lao lisiwe la nje, na habari ya malkia Yezebeli, aliyejipaka wanja siku ya kufa kwake, imehubiriwa mara nyingi kuliko inavyostahili, kana kwamba aliangamia kwa wanja wala si kwa damu ya Nabothi. Nilimwambia msusi yule ninavyoamini: kwamba mjukuu wangu mwenyewe nisingependa anyolewe nyusi, kwa heshima ya hadithi niliyoitaja, kwamba wanja sioni ubaya wake, maana Mtume mwenyewe alitumia, na kwamba yeye si wa kulaumiwa zaidi kuliko wanaomlipa. Alinisikiliza kwa adabu. Sidhani kwamba jibu langu lilimtosha, nami pia halikunitosha.

Hata dola imelizungumza jambo hili. Mwezi wa Septemba 2018, baada ya Naibu Waziri wa Afya, Faustine Ndugulile, kueleza bungeni Dodoma madhara ya kope za bandia na kucha za bandia, Spika Job Ndugai alipiga marufuku wabunge waliozivaa kuingia ukumbini. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya afya, na siipingi, kwa kuwa gundi mbovu karibu na jicho ni hatari ya kweli. Lakini mjadala wote ulikuwa juu ya nyuso za wanawake, kama ambavyo mahubiri ya nyusi huwa juu ya nyuso za wanawake. Hali kila mwanamume naye amepewa nyusi mbili, na atakuja kuulizwa alizitumiaje.

Kabla sijafika huko, niseme jambo juu ya mama wa Kibarbaig. Siku ya mnada wa Katesh huja mjini kutoka Balangdalalu na Getanuwas, mikono imejaa bangili za shaba, na kuyazunguka macho yao mna nembo za duara zilizochanjwa tangu ujana, safu ndani ya safu, hata mmoja wao akicheka duara zile hupanuka kama maji yaliyotupiwa kijiwe. Kwa mizani ya hadithi ya bin Masud na kwa mizani ya Walawi nembo hizo hazipiti, na vijana wengi wa Kibarbaig wamekwisha kuziacha. Siziombei zirudi. Lakini katika kuzitazama nimejifunza jambo ambalo kioo cha saluni hakikunifunza: nembo zile hazimpunguzii mtu umri, wala hazifichi alikotoka, hutangaza ni wa nani, na katika watu wote duniani anayeziona kwa uchache ni yule aliyezibeba. Ni pambo lililowekwa usoni kwa ajili ya macho ya wengine, si kwa kuwahadaa, bali kwa kuwajulisha. Uzuri wa namna hiyo una adabu ndani yake, hata pale ambapo sheria yangu hainiruhusu kuufuata.

Sasa nifike kwenye kiini cha maneno yangu. Iko sura nzima ya Kurani, ya 80, iliyopata jina lake, Abasa, kwa kipaji kilichokunjwa. Mtume alikuwa Makka, amekaa na wakubwa wa Makureshi, akitumaini kwamba nyoyo zao zingelainika na kwamba kwa kusilimu kwao mateso ya waumini wanyonge yangepungua. Na tumaini hilo halikuwa la dunia wala la nafsi yake. Akaja Abdullah bin Ummi Maktum, mtu kipofu, akaomba afundishwe, akarudia ombi lake asijue kwamba maneno ya watu yamekatwa. Mtume akakunja uso akageuka. Ikashuka sura ya kumlaumu. Hivyo ndivyo wafasiri wengi wa Kisunni walivyoeleza. Wafasiri wa Kishia wengi husema aliyekunja uso alikuwa mtu mwingine katika wale waliokuwapo, na mimi naheshimu taadhima iliyowasukuma kusema hivyo. Kwa ajili ya hoja yangu tofauti hiyo haibadili kitu, maana pande zote mbili zinakubaliana kwamba kipaji kilikunjwa, na kwamba Mungu alikilaumu.

Na aliyekunjiwa hakuona. Hilo ndilo jambo ambalo nimelitafakari miaka mingi pasipo kulichoka. Kwa hesabu ya kibinadamu hakuna aliyeudhika: kipofu hakujua nyusi zilikaa vipi, wakubwa wa Makureshi hawakujali, na mwenye kipaji hakutamka neno baya. Lau nyusi zingekuwa ni pambo tu, kosa lisingekuwapo, kwa kuwa pambo lisiloonwa halimpambi mtu wala halimuumbui. Kosa lilikuwapo kwa sababu nyusi ni kitendo. Uso uliofunguliwa kwa wenye nguvu ulifungwa kwa mnyonge, na mgawanyo huo wa uso, ambao hapana shahidi aliyeweza kuuthibitisha ila Mwenye kuona vyote, ukaandikwa ukasomwa hadi leo katika misikiti ya Mbulu na ya Zanzibar na ya dunia nzima. Imepokewa kwamba baadaye Mtume alikuwa akimkirimu sana Abdullah, akamfanya mwadhini pamoja na Bilal, na kumwachia mji wa Madina aungoze sala alipokuwa safarini. Kipofu ndiye aliyepewa mji.

Katika Injili ya Mathayo, sura ya sita, Yesu anawaonya wanaofunga saumu wasikunje nyuso ili watu wajue wamefunga, bali wapake mafuta kichwani na kunawa uso. Ukizitia dini hizi mbili katika mkono mmoja utaona kwamba moja inakataza kumkunjia uso asiyeona, na nyingine inakataza kuukunja uso ili uonwe. Na katika hadithi za Mtume, kukutana na nduguyo kwa uso mkunjufu kumehesabiwa katika mambo mema yasiyofaa kudharauliwa. Basi liko somo zima la dini juu ya kuinua nyusi kwa njia ya maumbile, bila kisu wala wembe, na ni ajabu kubwa kwamba tunapolitaja jambo hili tunafungua mlango wa wembe peke yake.

Wala mgawanyo wa uso si wa mtu mmoja mmoja tu. Mamlaka nayo huwa na uso. Katika miaka ya 1970 na 1980 Serikali, kwa msaada wa Kanada, ilifungua mashamba makubwa ya ngano katika uwanda wa Basotu chini ya shirika la NAFCO, makumi ya maelfu ya ekari. Nia ilikuwa njema, maana taifa lilitaka kula mkate wa shamba lake, kama vile nia ya kikao cha Makka ilivyokuwa njema. Lakini malisho ya Wabarbaig yalichukuliwa, na makaburi ya wazee wao, ambayo kwao ni mahali pa heshima na ibada, yakapitiwa na majembe ya matrekta. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu iliyoketi Arusha iliwapa haki, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu ile. Sitaki kuwahukumu majaji waliofuata ushahidi ulioletwa mbele yao. Nasema tu kwamba kwa miaka mingi wataalamu waliokuja Hanang walikuwa na uso mkunjufu mbele ya ngano, na kipaji kilichokunjwa mbele ya mchungaji aliyekuwa akiuliza ng'ombe wake wapite wapi. Na mchungaji huyo, ambaye jua lilikuwa limemkunja uso tangu utotoni, ndiye aliyeandikwa kuwa mkali.

Tuingie hospitalini. Haydom, katika nchi ya Mbulu, Wamisionari wa Kilutheri kutoka Norwei walifungua hospitali mwaka 1955, na huko, kama katika hospitali zote za dunia, anapoletwa mtu aliyepinda mdomo ghafla, tabibu humwambia maneno ambayo jamaa zake huyastaajabia: "Inua nyusi." Akiziinua zote mbili sawasawa hali mdomo umelala upande mmoja, tabibu huogopa kiharusi, kwa sababu sehemu ya juu ya uso hupokea amri kutoka pande mbili za ubongo, na upande mmoja ukiumia mwingine huendelea kuitumikia. Akishindwa kuuinua unyusi wa upande ule uliolala, basi aghalabu ubongo u salama, na ugonjwa umo katika neva ya saba inayouhudumia uso. Huo ndio ugonjwa uliopewa jina la Charles Bell, tabibu wa Scotland, na walio wengi hupona kwa majuma au miezi. Jamaa waliokwisha kunong'ona kwamba mgonjwa amerogwa huambiwa habari hiyo njema kwa kutazama unyusi usiosogea. Nani angedhani kwamba rehema ingefichwa mahali padogo namna hiyo?

Hapo pia ndipo unapoonekana udhaifu wa kukikataa kisu kwa jumla. Katika nyanda kame za nchi yetu ugonjwa wa trakoma, ambao watu huuita vikope, huzigeuza kope ndani zikawa zinalikwaruza jicho kila linapofumbwa, na wanawake wengi wameishi wakizing'oa kwa kibanio nyumbani hadi walipopata mganga wa kuugeuza ukingo wa jicho kwa upasuaji mdogo. Ukoma nao, zamani zile ulipokuwa hauna dawa, ulipukutisha nyusi kuanzia upande wa nje, na uso usio na nyusi ukawa hukumu ya kutengwa. Na wako wazee ambao ngozi ya nyusi imewashukia hata ikafunika nusu ya jicho, wanainua kidevu ili wamwone mtu aliyesimama mbele yao. Mzee kama huyo akipelekwa kwa mpasuaji, sioni kwamba amegeuza maumbile ya Mungu. Namwona amesimama pamoja na Arfaja.

Charles Bell niliyemtaja aliamini kwamba baadhi ya misuli ya uso Muumba alimpa mwanadamu kwa kusudi moja, nalo ni kudhihirisha yaliyo moyoni. Charles Darwin alimpinga katika kitabu chake cha mwaka 1872, akisema kwamba misuli hiyo ilikuwa na kazi nyingine kabla, na wanyama wanayo pia. Sioni kwa nini mmoja wao lazima awe ameshindwa, kwa kuwa Mungu aweza kukipa chombo cha zamani kazi mpya. Kandokando ya Ziwa Eyasi, lililo chini ya nyanda za juu za Mbulu upande wa Wahadzabe, mtafiti Mjerumani Ludwig Kohl-Larsen alipata mwaka 1935 vipande vya fuvu la binadamu wa kale sana. Na fuvu lililopatikana Kabwe, Zambia, mwaka 1921 lina matuta makubwa ya mfupa juu ya macho, ambayo sisi hatunayo. Wako wataalamu wanaoona kwamba matuta hayo yalipotoweka, na kipaji kikawa laini, ndipo nyusi zilipopata uhuru wa kusema. Mtaalamu mwingine, Irenäus Eibl-Eibesfeldt, alizunguka dunia na kamera yake ya sinema akaona kwamba watu wa mataifa yaliyo mbali mbali, wakimwona rafiki kwa mbali, huziinua nyusi kwa muda wa sehemu moja ya sita ya sekunde, wengi wao pasipo kujua. Muda huo ni mfupi kuliko uwongo unavyoweza kutungwa.

Wairaqw wa kale, kabla ya misheni na misikiti, sala zao walimwelekezea Looaa, ambaye kwao ni mwenye huruma ya mama, na ambaye jina lake ndilo jina la jua. Wazee wa Kainam wanaoikumbuka imani hiyo wapo hata leo, wengine wao wakiwa wamebatizwa. Nimewaza mara nyingi kwamba jua lile lile lililozishusha nyusi za mkulima shambani ndilo lililomwita aziinue katika ibada, na kwamba yeye hakuona mgongano wowote kati ya mambo hayo mawili.

Darwin alieleza pia kwamba katika huzuni kubwa ncha za ndani za nyusi huinuka, zile za nje zikabaki chini, nazo zikafanya umbo ambalo watu wachache sana huweza kulifanya kwa kukusudia. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 2023 mvua kubwa ilinyesha, na asubuhi yake tope, mawe na magogo yalishuka kutoka Mlima Hanang, ulio na zaidi ya mita 3,400, yakaifunika sehemu ya Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakafa. Siku zile nyusi za namna hiyo zilikuwa katika kila uso, kwa wafiwa waliokuwa wakichimba tope, na kwa askari, na kwa madereva wa malori waliokuja na unga na mablanketi hali hawakuwa na ndugu hata mmoja pale. Zilikuwa zimeinuliwa kwa maumbile, bila kukusudia, na kila mmoja alizisoma kwa mwenzake bila kufundishwa.

Kwa hiyo ninalo ombi moja kwa masheikh, mapadre na wachungaji wa Mbulu na Hanang. Anayepanda mimbari kusoma hadithi ya bin Masud juu ya nyusi, na aisome, ni haki yake; lakini katika hotuba ile ile asome na Sura ya Abasa, aya zake kumi za mwanzo, na kuzieleza kwa utulivu ule ule. Anayesoma Waraka wa Petro asome na sura ya sita ya Mathayo. Na itakapofika zamu ya Abasa, walioketi safu za mbele, ambao ni wanaume, na wenyeviti wa vijiji, na watumishi wa zahanati na wa ofisi za ardhi, wajue kwamba sasa wanatajwa wao.